Aliyemkosea Marehemu na Aseme

Jaji Ishak hakuwa mtu wa kufoka. Katika miaka kumi na mbili ya uwakili, Hamdan alikwisha kufokewa na mahakimu wa kila namna, wengine wadogo kwake kwa umri, na alizoea. Ukitoka nje unasonya, unakunywa chai yako, yamekwisha. Jaji Ishak alikuwa mtu wa "tafadhali". Mshitakiwa akionekana kuchoka humwambia akae. Mzee akipanda kutoa ushahidi humwamkia shikamoo mbele ya watu wote. Na likitajwa jambo asilolitaka, hasemi kitu. Huilaza kalamu juu ya daftari, hukunja mikono, na husikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

Na kalamu ndiyo kesi. Asiyekuwa mtu wa mahakama halijui hili, na heri yake. Pale palikuwa na mashine ya kunasa sauti, iliyopokewa kwa hotuba na picha, na tangu siku hiyo ikafunikwa kitambaa cha kufuma, haijapata kuwashwa. Maneno ya mashahidi aliyaandika jaji mwenyewe, kwa mkono wake. Siku ya rufaa wakubwa watasoma alichoandika. Asichokiandika hakikusemwa.

Mshitakiwa, mteja wa Hamdan, alikuwa Jabir, mkulima wa Kengeja, mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa. Alishitakiwa kwa kumuua bila kukusudia jirani yake aitwaye Mmanga, aliyeanguka mkarafuuni msimu uliopita akafa papo hapo. Shambani walikuwa wawili tu. Jana yake walikuwa wamegombana mbele ya wachumaji wenzao kwa ajili ya kipimo cha pishi, na Jabir akamwita mwenziwe mwizi. Hilo hakuna aliyelikana. Lakini ugomvi wa pishi msimu wa karafuu ni kama mbu msimu wa mvua. Ungekuwa ushahidi wa kuua, kisiwa kizima kingekuwa jela. Kilichomfikisha Jabir kizimbani ni maneno aliyoyasema mwenyewe, siku ya pili yake, makaburini.

Yalikuwa kwenye simu ya Hamad. Hamad ni ndugu wa marehemu kwa baba mmoja, aliyelelewa Dar es Salaam tangu hajaota meno, na alikuja kuzika huku akirikodi ili jamaa walioko Maskati nao waone. Picha yake ilikuwa ya sekunde kumi na nne. Jabir amesimama kando ya kaburi, udongo umempanda hadi magotini, analia. "Marehemu nimemkosea," anasema. "Nimemkosea kosa kubwa. Nisameheni, jamaa, kwa ajili ya Mungu." Kisha picha inakatika.

Mwendesha mashitaka aliionyesha mara tatu. Kila mara Jabir alilia upya kwenye kioo, na kila mara Jabir wa kizimbani aliinamisha kichwa kwa haya. Jaji Ishak aliyaandika maneno yale yote. Hamdan aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

*

Shahidi mkuu wa utetezi alikuwa Shehe Khatib, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewazika watu wa Kengeja kwa miaka thelathini. Alipanda na kofia yake ya siku ya Idi. Jaji akamwamkia, naye akaitikia marahaba kwa furaha, akajiona yuko nyumbani.

"Shehe," alimuuliza Hamdan, "ieleze mahakama. Mtu akifa Kengeja, mnamzika vipi?"

"Ntu akifa kwetu, hazikwi na kinyongo," alisema Shehe Khatib. "Akisha kutiwa mwanandani, kabla hatujafukia, miye husimama nikanadi. Anayemdai marehemu na aseme. Aliyemkosea marehemu na aseme. Basi hapo watu husema."

"Watu gani?"

"Wote! Nani hajamkosea nduguye? Siku ile ya Mmanga walisema watu kumi na mmoja. Yuko aliyesema alimsengenya. Yuko aliyesema mbuzi wake alikula muhogo wa Mmanga, akanyamaza. Miye mwenyewe n'lisema. Jabir alikuwa wa nne. Yuno bwana wa simu kamrikodi wa nne, na siye kumi tuliobaki katuacha."

Watu waliokaa kwenye mabenchi wakaguna. Hamdan alitaka kucheka kwa raha, maana hakuna wakili asiyependa shahidi wa namna hii. Akageuka kumtazama jaji. Kalamu ilikuwa imelala juu ya daftari. Jaji Ishak amekunja mikono, anamtazama Shehe Khatib kwa macho ya upole kabisa, kama mtu anayesimuliwa habari za kwao alikokulia.

Na ndiko alikokulia. Jaji Ishak ni mtu wa Makangale, kaskazini ya kisiwa hikihiki. Hakuna alichokuwa akifundishwa pale.

"Mheshimiwa," alisema Hamdan, "naomba maelezo haya ya shahidi yaandikwe."

"Mahakama inasikia, wakili."

"Inasikia, mheshimiwa. Lakini naona haiandiki."

Karani akainua uso. Jaji Ishak hakukasirika, laiti angekasirika. Alitabasamu kidogo, akasema, "Tafadhali endelea, wakili," na mikono yake ikabaki ilivyokuwa.

*

Nje ya ukumbi kulikuwa na benchi la saruji, na hapo ndipo Siti, mke wa Jabir, alipozoea kukaa na mkwewe Mzee Ame. Walitoka Kengeja kwa gari ya alfajiri, mzee kashika kibuyu cha maji na Siti kashika kanzu ya mumewe iliyopigwa pasi, ambayo kila siku askari waliikataa. "Mahabusu haingii na nguo ya harusi," walimwambia siku ya kwanza, wakacheka. Siku ya pili hawakucheka wala hawakumtazama. Bado aliileta.

"Wakili," alisema Siti, "n'na neno. Ile kalamu ya jaji vipi?"

"Vipi kivipi, Bi Siti?"

"Shehe alipokuwa akisema haikwenda. Bwana wa simu aliposema, ikenda mbio. Nilikuwa nikiitazama."

Mwanamke huyu aliacha skuli darasa la sita, na jambo ambalo wanasheria hulinong'ona baada ya miaka alikuwa ameliona kwa siku moja. Hamdan angeweza kumwambia kweli. Badala yake akasema, "Jaji ana mtindo wake. Kichwa chake kinashika."

"Haikuisha wino?"

"Labda," alisema Hamdan, ili yaishe.

Hayakwisha. Asubuhi ya pili yake karani alimwita Hamdan pembeni, uso umemkunjamana. Mkononi alikuwa na kalamu mpya ya buluu, ya shilingi mia tano, bado iko kwenye mfuko wake wa nailoni. "Mke wa mteja wako amechanganyikiwa? Kaja dirishani kwangu kaniambia nimpe jaji, eti yake haiendi. Mbele ya watu! Nimemuuliza, bibi, unataka kumhonga mheshimiwa? Kidogo nimwite askari."

Siti alikuwa kwenye benchi lake, ushungi ameuvuta mpaka machoni. Mzee Ame alikuwa akimpapasa begani. Watu wa kesi nyingine walikuwa wakimtazama na kutikisa vichwa. Hamdan akaichukua kalamu, akaitia mfukoni mwa shati, na hakuweza kwenda kukaa nao. Aliona haya, na haya yenyewe hakujua ni ya nani.

"Wakili," alimwita Mzee Ame alipopita. "Nambie kweli, mwanangu. Jabir atarudi? Miye siku zangu zimekwisha. Nataka anizike yeye."

"Atarudi, mzee," alisema Hamdan. "Hawana kitu zaidi ya ile simu. Nakuahidi."

*

Kesi ilisimama siku tano. Jaji Ishak alikuwa amefiwa na mama yake, Bi Time, huko Makangale.

Kwenye mazishi huendi kwa kuwa unampenda mtu. Unakwenda kwa kuwa ni mazishi. Mawakili walichanga mafuta, wakapanda gari mbili, Hamdan akiwa katika ya pili. Walimkuta jaji amevaa kikoi na fulana, miguu mitupu, amebeba jeneza pamoja na wavuvi na wakata kuni, na kwa mara ya kwanza Hamdan alimwona kuwa ni mtu mfupi. Makaburi yalikuwa pembeni ya msitu. Jaji mwenyewe aliingia kaburini kumpokea mama yake, akatoka na udongo hadi magotini.

Kisha mzee mmoja wa huko, ambaye Hamdan hakumjua, akasimama akanadi. Maneno yalikuwa yaleyale. Anayemdai marehemu na aseme. Aliyemkosea marehemu na aseme.

Mtu wa kwanza alisema alichelewa kumlipa Bi Time pesa za ukili wa kusukia mikeka. Wa pili alisema alimjibu vibaya kisimani, zamani. Halafu Jaji Ishak akainua mkono, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya mahakamani. Ilikuwa Kipemba kitupu, ya mtoto aliyepigwa.

"Mamangu nimemkosea," alisema. "Nimemkosea kosa kubwa. Miaka tisa alikuwa akiniita, na miye nikileta pesa, mwenyewe siji. Nimemuua kwa upweke. Nisameheni, jamaa. Nawe mama unisamehe."

Alilia, na watu wakamwambia, "Tumekusamehe, Mungu naye akusamehe," kwa pamoja, kama inavyotakiwa, na majembe yakaanza kazi. Hakuna aliyeshituka kwa neno lile la kuua. Hakuna aliyekwenda polisi.

Jaji alipangusa uso kwa kiganja. Alipofumbua macho, alimwona Hamdan ng'ambo ya kaburi. Walitazamana. Haikuwa muda mrefu, pengine majembe matatu ya udongo, kisha jaji akainama akachukua jembe kwa mtu.

Hamdan alirudi mjini na furaha ambayo hakuthubutu kuionyesha. Kiti cha mbele wenziwe walikuwa wakizungumza mpira. Yeye alikuwa akisema moyoni: amesikia mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa ataandika.

*

Siku kesi ilipoanza tena, jaji alimwita Hamdan chemba, ofisini kwake, kabla ya kuingia ukumbini. Palikuwa na chai na halua mezani. Jaji alikuwa amekonda.

"Nimekuiteni wote mmoja mmoja niwashukuru," alisema. "Makangale ni mbali. Ahsante kwa kuja."

"Mungu amrehemu Bi Time."

"Amin." Jaji alikizungusha kikombe kwenye kisahani. "Unajua, wakili, ile picha ya simu imeonwa na watu wangapi? Nimeambiwa laki mbili. Huko mitandaoni wanasema jaji Mpemba atamwachia Mpemba mwenziwe, atatafuta mila ya kumfichia. Na mimi mwaka huu jina langu limo mahali." Hakusema mahali gani, lakini kila wakili alijua kuwa mwaka ule walikuwa wakitafutwa majaji wa rufaa. "Mtu hupimwa kwa kesi moja."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi. Mlango umefungwa, watu wawili, na baina yao kaburi moja walilolisimamia pamoja. Hamdan alikuwa na maneno tayari. Aliyapanga njia nzima kutoka Makangale. Mheshimiwa, nawe ulisema. Au angesimama ukumbini amwombe jaji ajitoe kwenye kesi, na aseme sababu. Lakini alikuwa na kesi nyingine saba mbele ya mtu huyu, na kodi ya ofisi, na pale pale palikuwa na mfiwa mwenye macho mekundu. Utamsutaje mtu kwa machozi ya mamake?

"Pole sana, mheshimiwa," alisema Hamdan, akanywa chai.

Mchana huo Jabir alijitetea. Alisema kwa sauti ndogo kwamba tawi lilivunjika, kwamba alimkuta Mmanga chini ameshakata roho, na kwamba kilichomliza kaburini ni lile neno "mwizi", maana mwenziwe alikufa nalo kifuani na hakuna tena wa kumwondolea. "Ndilo kosa langu, mheshimiwa. Sina jengine."

Jaji Ishak alimwambia akae. Aliagiza apewe maji. Alimsikiliza neno kwa neno, na mara moja, Hamdan aliona, macho yake yalilowa. Kalamu ilikuwa imelala tangu Jabir alipofungua mdomo.

Hamdan alisimama. Watu walidhani atasema. Mzee Ame, ambaye siku zote karani alimgutua kwa kusinzia, siku hiyo alikuwa macho, kinywa wazi. Hamdan akakitazama kiti cha jaji, akasema, "Sina swali zaidi, mheshimiwa," akakaa.

*

Hukumu ilisomwa Alkhamisi. Ilikuwa nzuri, ya lugha safi, yenye huruma. Ilisema mahakama inatambua majuto ya mshitakiwa. Ilisema mtu mwenye akili timamu haombi msamaha wa kosa kubwa, kwa hiari yake, mbele ya umma, ila ana alijualo. Miaka saba.

Siti hakupiga kelele. Alisimama akanyoosha kanzu mbele yake, ile ya pasi, kama anayemwonyesha mtu kipimo. "Sasa aivae?" alimuuliza askari. Askari alitazama pembeni.

Mzee Ame alimuuliza Hamdan mara moja tu, kwenye benchi la saruji. "Kwani jaji si ntu wa kuno kwetu?"

"Wa huku, mzee."

"Hajapata kuzika?"

Hamdan alisema wanakata rufaa. Aliomba nakala ya mwenendo wa kesi, na baada ya wiki sita za njoo kesho akaipata. Aliifungua palepale dirishani kwa karani. Ushahidi wa Hamad ulikuwa kurasa tisa. Ushahidi wa Shehe Khatib, aliyesema kwa saa nzima na nusu, ulikuwa mistari minne: *Shahidi ni mwalimu wa chuo. Anamjua mshitakiwa. Alikuwepo mazikoni. Alimsikia mshitakiwa akiomba msamaha.* Utetezi wa Jabir ulikuwa mistari mitatu. Alitafuta yale maneno yake mwenyewe, inasikia lakini haiandiki, na hayakuwapo. Hata yeye hakuwa amesema kitu.

Tangu hapo Hamdan hakuweza kuisikia sauti ya kalamu. Mkewe akiandika orodha ya sokoni, humwambia aache, amtajie tu kwa mdomo.

*

Mzee Ame alifariki mwezi wa Rajabu. Kengeja walimpigia simu Hamdan, naye akaenda, akiwa amevaa shati la kazi kwa kuwa alitokea mahakamani. Rufaa ilikuwa haijasikilizwa, na Jabir hakupewa ruhusa ya kuja kuzika. Barua ya kuomba ilipelekwa, na jibu lilikuwa halijafika.

Maiti ilipokuwa ikitolewa uani, sauti ya Siti ilisikika dirishani, kutoka kwa wanawake. "Baba, unisamehe! N'likwambia mwanao atarudi, na miye najua—" Ikakatika ghafla. Waliokuwa karibu waliona mikono ya wanawake wenziwe imemziba mdomo. "Nyamaza, mwanangu, nyamaza," alisikika bibi mmoja akimwambia. "Watakuja kukuchukua nawe. Hujui nani ana simu?"

Makaburini walikuwa watu wengi, kwani Mzee Ame alikuwa mtu wa watu. Wakamteremsha, wakamlaza kwa ubavu, wakaziba mwanandani kwa mbao. Shehe Khatib alikuwa amezeeka mwaka ule. Alisimama, akaliangalia kaburi, akanadi.

"Anayemdai marehemu na aseme."

Mtu mmoja alikohoa.

"Aliyemkosea marehemu na aseme."

Hamdan alingoja. Waliomzunguka walikuwa wakulima na wavuvi aliowaona mahakamani, watu ambao kwa miaka thelathini hapa walikuwa wakiungama mbuzi na masengenyo. Kila mmoja alikuwa akitazama mikono ya mwenziwe. Mvuvi mmoja alikuwa amekunja mikono kifuani, mwengine amekaza taya. Shehe Khatib aliwapa muda. Akanadi mara ya pili. Kunguru alilia juu ya mnazi.

Yuko mmoja aliyekuwa na neno. Nilikuahidi, mzee, atarudi akuzike. Nilikuwa na la kusema chemba, nikanywa chai. Nimekukosea, kosa kubwa. Yote hayo yalimjaa Hamdan kooni, na midomo yake ikafunguka. Akajikuta anageuza kichwa kulia, kisha kushoto, kutafuta nani ameshika simu. Mfukoni mwa shati ile kalamu ya buluu, ambayo mpaka leo hajaitoa kwenye nailoni, ilikuwa ikimchoma kifuani.

Akafunga mdomo.

Shehe Khatib alingoja kidogo tena, kisha akawaashiria wenye majembe. Wakamfukia Mzee Ame hivyohivyo, bila ya mtu kumwomba radhi, na watu wakarudi mmoja mmoja wakiwa wameinamisha vichwa. Hakuna aliyempa mwenziwe mkono.